Ulimi wa Simba Mwekundu

Kabla hajakalia kiti alichopewa na mfamasia dukani kwake, Inspekta alikuwa amekwisha kusahihishwa. Alisema mwanasesere, akaambiwa si mwanasesere, ni kisanamu. Alisema askari, akaambiwa si kila mwenye upanga ni askari; huyu ni shujaa wa deraya, mwenye vazi la chuma, mtu wa ukoo, ana farasi wake na nembo yake. Basi, akasema, huyo shujaa mwenye simba kwenye ngao. Mfamasia akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa namna ya kumeza vidonge, kwamba yule hakuwa simba. Alikuwa chui.

Inspekta alikisogeza kisanamu karibu na pua. Kilikuwa na urefu wa kidole gumba, na mnyama wa kwenye ngao hakuzidi punje ya mchele. Punje hiyo ilikuwa na manyoya ya shingoni yanayoonekana wazi kabisa.

"Ana manyoya," alisema.

"Anayo. Lakini anakutazama wewe. Simba wa nembo hutazama aendako. Akigeuza uso akakukabili, wenyewe wanamwita chui."

"Hata akiwa simba."

"Hata akiwa simba."

Nyuma yake Koplo, aliyekuwa ameegemea rafu ya dawa za kikohozi, alijifanya anakohoa. Inspekta hakugeuka. Alikuwa amehoji wezi, matapeli, na mashemeji waliokatana mapanga kwa ajili ya kiwanja, lakini alikuwa hajawahi kukutana na watu wa kuchosha kama hawa wapaka rangi wa vijitu vya bati. Ukiwauliza njia, wanakufundisha jina la kila jiwe lililo njiani.

Na muda wa kufundishwa hakuwa nao. Mzee mstaafu wa forodha, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Ngao, alikuwa amekutwa amelalia meza yake ya kupakia rangi, brashi mkononi, kikombe cha chai pembeni. Maabara ilikuta sumu ya wadudu ndani ya chai. Chai aliipika mke wa mwanawe. Na huyo mwana, muuza betri za magari, alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe kueleza kwamba mkewe na mzee hawakuwa wakiiva chungu kimoja, kwamba tangu mtoto azaliwe mkewe alikuwa akilalamikia harufu ya rangi, na kwamba siku ile hakuna kilichoingia chumbani kwa mzee ila ile chai. Mkuu wa kituo alisoma maelezo hayo, akafunga jalada, akaagiza mwanamke apelekwe mahakamani kesho asubuhi.

Kesi ya mauaji haina dhamana. Asubuhi hii Inspekta alipopita mahabusu alimkuta binti wa watu amekaa kwenye benchi, gauni limelowa kifuani kwa maziwa. Mtoto bado ananyonya. Wifi yake, anayekaa na mtoto, alisema kwenye simu kwamba hapeleki mtoto kwa muuaji, akakata. Tangu hapo Inspekta alikuwa na hasira ambayo hakujua amtupie nani, na mfamasia ndiye aliyekuwa karibu.

"Unauza sumu ya wadudu," alimwambia.

Mfamasia hakukana. Alikuwa akiuza, kama wanavyouza wenzake mtaa mzima, na yeyote angeweza kuinunua bila kuulizwa jina. Siku ya kifo alikuwa dukani kutwa, na wateja wake wangeweza kuthibitisha. Hakuwa na ugomvi na marehemu. Wapaka rangi walikuwa watatu tu, yeye, Babu Ngao na mpima ardhi mstaafu, wakikutana kila wiki kuoneshana kazi, na aliyekuwa na ugomvi na marehemu ni mpima ardhi. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kisha akajuta, akaanza kupanga upya maboksi ya plasta ambayo yalikuwa yamepangika vizuri.

Inspekta aliliweka pembeni kwanza. Kulikuwa na kitu kidogo kilichokuwa kikimkera tangu jana kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Ripoti ya maabara ilitaja mashapo ya rangi ya buluu chini ya kikombe cha chai. Waliyaona, wakayaandika, wakayapita. Alimuuliza mfamasia mashapo hayo yangefikaje humo.

Mfamasia alicheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alisema hakuna mpaka rangi hata mmoja asiyewahi kuchovya brashi kwenye chai yake. Kikombe cha maji kiko hapa, cha chai kiko hapa, macho yako kwenye kioo cha kukuzia, na mkono unajiendea wenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kunywa maji ya rangi mara nyingi, mpaka mkewe akamnunulia kikombe chenye kifuniko, na hicho nacho akakichovya.

"Na kabla ya kuchovya, brashi mnaifanyaje?"

Mfamasia alichomoa brashi nyembamba kwenye kopo, akaipeleka mdomoni, akaizungusha kati ya midomo mpaka manyoya yakasimama kama sindano. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayejikuna.

"Bila hivi ncha haipatikani," alisema. "Kwa mistari minene si lazima. Lakini macho, kucha, ulimi, hapo usipolamba utaharibu kazi."

Halafu akasikia alichokisema. Aliitazama brashi, akaiweka mezani, akaomba maji ya kusukutua.

Nje, kwenye ngazi za duka, Inspekta alimuuliza Koplo ni vitu gani hasa alivyopeleka maabara.

"Kikombe, afande."

"Na chupa ya chai?"

Koplo alisema sumu si ilikuwa kikombeni.

"Na rangi?"

Koplo alikitazama kiatu chake. Inspekta alihesabu pumzi zake, kwa sababu mwanawe wa kike alikuwa amemwambia zinasaidia. Hazikusaidia. Alimwambia Koplo kwamba mtu akikutwa amekufa katikati ya vichupa vya rangi, na mdomo wake una rangi, askari mwenye akili timamu anabeba rangi. Koplo alijibu kwamba yeye alidhani ule mdomo wa buluu ni kwa sababu ya kufa. Inspekta akafungua mlango wa gari, wakaingia.

Chumba cha Babu Ngao kilikuwa nyuma ya nyumba, dirisha moja, meza moja, na ukuta mzima wa mashujaa wa deraya waliopangwa safu kwa safu juu ya farasi wao. Hakuna aliyekuwa amesafisha. Chupa ya chai bado ilikuwa pale pale, na Koplo alipofungua kizibo walirudi nyuma wote wawili. Inspekta alimwamuru aifunge, aibebe, tena aishike wima.

Yeye akakaa kwenye kiti cha marehemu, akawasha taa ya mezani, akavuta kioo cha kukuzia. Kazi ya mwisho ilikuwa bado imebanwa kwenye kibanio cha mbao. Ngao ya njano, na juu yake simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Huyu alikuwa akitazama aendako, kwa hiyo alikuwa simba kwelikweli, na Inspekta alishikwa na hasira kwa kuwa sasa na yeye alijua. Njano ilikuwa imekauka, nyekundu imekauka. Ulimi ulikuwa umepakwa buluu. Kucha za miguu mitatu zilikuwa buluu. Za mguu wa nne hazikuwa na kitu.

Alikaa akiutazama ule mguu wa nne. Mzee alikuwa amepaka njano, hakufa. Amepaka nyekundu, hakufa. Amefika kwenye buluu, na kwa buluu alihitaji ncha ya sindano, akalamba, akapaka, akalamba, mara moja au mbili mkono ukapotea ukachovya kwenye chai. Sumu haikutoka kwenye chai kwenda mdomoni. Ilitoka mdomoni na kwenye brashi ikaja kwenye chai.

Vichupa vya rangi vilijaa droo nzima, vyote vyeusi, vifuniko vyeusi. Ili kuvijua ukivitazama kwa juu, mzee alikuwa amedondoshea kila kifuniko tone la rangi iliyomo. Kichupa cha buluu kilikuwa wazi mezani, kifuniko chake kando. Nacho kilikuwa na tone. Inspekta alikipitisha chini ya kioo, akakiweka, akachukua kifuniko cha nyekundu, akakipitisha, akakirudia kile cha buluu. Kisha akamwambia Koplo alete mifuko ya ushahidi, mingi, na asithubutu kuacha hata kichupa kimoja.

Majibu yalikuja alasiri. Mtaalamu wa maabara aliyatoa kwa simu huku akilalamika kwamba polisi wanamletea kazi nusu nusu kama watu wanaorudisha sahani kuongezewa mchuzi. Chupa ya chai ilikuwa safi. Vichupa vyote vilikuwa safi isipokuwa cha buluu, ambacho kilikuwa na sumu ya kutosha kuangusha ng'ombe.

Inspekta aliyapeleka majibu kwa Mkuu wa kituo, akasimama mbele ya meza yake akisubiri asikie neno moja tu la kumwachia mwanamke. Mkuu alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri. Kumbe mkwe aliitia kwenye rangi."

"Afande, tulisema chai."

"Tulisema mkwe. Anaishi mle ndani, anajua mzee analamba brashi. Kesho asubuhi mahakamani, Inspekta."

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Mkuu hakuwa amesema upuuzi mtupu. Yeyote wa nyumba ile angeweza kutia sumu kwenye kichupa. Ila kichupa chenyewe hakikuwa cha nyumba ile, na hilo hakumwambia Mkuu, kwa sababu angecheka. Alitoka bila kufunga mlango.

Mpima ardhi aliishi peke yake kwenye nyumba ambamo hata viatu vya mlangoni vilipangwa kwa rula. Aliwakaribisha sebuleni, akamwomba Koplo asiegemee kabati. Alikuwa mzee mwembamba, kola imepigwa pasi, na macho ambayo hayakutulia juu ya mtu bali juu ya vitu vya mtu. Jambo la kwanza alilomwambia Inspekta ni kwamba kifungo chake cha pili hakikushonwa sawa na vingine.

Alikiri ugomvi bila kuombwa mara mbili. Kwa miaka mitatu alikuwa amepaka kikosi kizima cha wapanda farasi, na farasi wa mashujaa huvikwa nguo zenye nembo, na nembo ilikuwa simba. Sasa, simba wa ngao hutazama upande mmoja siku zote. Lakini kwenye nguo ya farasi lazima atazame kichwa cha farasi, kwa hiyo ubavu wa kulia unamgeuza. Yeye hakumgeuza. Simba wote wa ubavu wa kulia walitazama mkia.

"Ina maana gani?" aliuliza Inspekta.

"Ina maana wanakimbia vita." Mpima ardhi alinyoosha kola yake. "Nilikosea. Mimi, niliyepima mipaka ya mji huu bila kukosea hata inchi. Akaniambia nimpe anirekebishie. Nikampa. Akawatumbukiza wote kwenye dawa ya kubandua rangi. Akanirudishia bati tupu ndani ya mfuko, akasema sasa anza upya, ujifunze."

Inspekta, ambaye hakuwahi kumiliki kitu chenye thamani ya miaka mitatu ya macho yake, alikifungua kile kifungo chake cha pili, akakifunga tena. Kisha alimuuliza kama aliwahi kurudi nyumbani kwa Babu Ngao. Hajakanyaga pale tangu siku hiyo, alisema. Wala kupeleka kitu? Wala kupeleka kitu. Wala kupokea, wala kusalimia.

Kwenye meza ya dirishani vichupa vyake vilisimama mstari mmoja, vyeusi, vifuniko vyeusi, kila kimoja na tone lake. Inspekta aliinuka, akaviinamia kwa muda, akarudi kukaa. Alikuwa amekwisha kuona alichokifuata. Lakini kuona ni kitu kimoja na kumpeleka Mkuu wa kituo kitu anachoweza kukielewa ni kingine, na watu hawa walikuwa na ugonjwa mmoja tu ambao kutwa nzima ulikuwa umemtoa roho. Aliamua sasa na yeye aufaidi.

Alimwambia mpima ardhi kwamba sumu ilikuwa kwenye kichupa cha rangi, na kwamba hana wasiwasi naye tena, kwa sababu kile kichupa kilikuwa cha mtu mchafu. Tone la kwenye kifuniko lilikuwa limebandikwa ovyo juu ya plastiki tupu, limechuruzika, hata rangi yake halisi haionekani. Mtu nadhifu kama yeye asingefanya kazi ya kihuni kama ile.

Mpima ardhi alikunja uso.

"Haiwezekani," alisema.

"Nimekiona kwa macho yangu. Rangi juu ya plastiki."

"Hukuangalia vizuri, Inspekta. Chini yake kuna nyeupe. Naweka duara la nyeupe kwanza, naliacha likauke, ndipo naweka rangi, maana buluu ukiiweka juu ya nyeusi inakufa. Yeye ndiye aliyekuwa akidondosha tu juu ya plastiki, nimemkanya mara ngapi. Kifuniko kile kina nyeupe pembeni, imezunguka sawasawa, na wala hakijachur..."

Koplo aliacha kuegemea kabati.

"Kifuniko kipi?" aliuliza Inspekta.

Mzee alivitazama vichupa vyake, kimoja kimoja, kama anavihesabu. Kisha akauliza kama anaweza kubadili viatu kabla ya kwenda, kwa sababu hivi vilikuwa vya ndani. Garini alisema yote bila kuvutwa. Alijua marehemu alikuwa akipaka simba wekundu mwaka huu, na simba mwekundu juu ya njano kucha na ulimi wake huwa buluu, na hivyo ndivyo huja mwisho. Hakujuta sana. Alichotaka kujua ni kama mzee aliumaliza ulimi. Inspekta alitazama dirishani, maana angemjibu angemjibu vibaya.

Alibakiza swali moja tu: ikiwa hakukanyaga pale, kichupa kilifikaje? Mpima ardhi alijibu, na Inspekta akamwambia dereva aongeze mwendo.

Kituoni aliwapigia simu mume na wifi, akawaambia waje na mtoto sasa hivi, na wasipokuja atawafuata na pingu. Walikuja. Mwanamke alikuwa ametolewa mahabusu, amesimama kaunta akirudishiwa kandambili na kitambaa chake cha kichwa. Mumewe aliingia na tabasamu la mtu aliyekwisha kusikia habari njema na anataka zichukuliwe kwamba ni zake. Alisema yeye moyoni alijua siku zote kwamba mkewe hawezi kufanya jambo kama lile. Shetani tu. Akamwita mama watoto.

Inspekta alimuuliza kama asubuhi ya siku ile mpima ardhi alimpitia dukani kwake.

Muuza betri alifikiri. Ndiyo, alipita. Alimpa kifurushi kidogo cha karatasi, akamwambia ni rangi ya baba aliyomwazima, amrudishie na amwambie yaishe.

"Ukampa?"

"Nilimwekea mezani. Nilikuwa na haraka, hata sikukaa."

"Nilikuuliza ni nini kilichoingia chumba kile. Ukasema chai."

"Afande, mimi nilidhani unauliza vitu vya maana. Ile ilikuwa rangi tu, vitu vyake vile vya..." Akaishia hapo. Mkono wake mmoja ukatafuta kaunta. Wifi mtu alianza kulia kwa sauti, akaambiwa na Koplo anyamaze.

Inspekta alitamani kumpigia kelele. Maneno alikuwa nayo, amekuwa akiyakusanya tangu asubuhi. Lakini mwanamke alikuwa amemaliza kujifunga kitambaa, akamwendea wifi yake, akamchukua mtoto bila kumtazama, akageuka kwa mumewe.

"Nilikuona ukiingia na kile kifurushi," alisema. "Nikiwa jikoni."

"Na wewe hukusema?" Inspekta alishindwa kujizuia. "Siku zote hizi ninakuuliza nani mwingine aliingia, unaniambia hakuna mtu. Kwa nini, mwanangu?"

Mwanamke alikuwa bado anamtazama mumewe.

"Nilidhani ni wewe," alimwambia. "Nikanyamaza."

Kisha akakaa kwenye benchi la kaunta, akawapa mgongo, akamnyonyesha mtoto. Mtoto aliposhiba, mwanamke alimwomba Inspekta, kama haitakuwa taabu, ampatie gari la kumpeleka kwa mama yake.